Ganda moja, trei nne: shajara ya kuijenga Salts Mill mezani

Jumamosi, 11 Januari

Nimeanza. Meza ya chumbani nimeiondolea kila kitu, nimetandika magazeti, na juu yake nimepanga kadibodi nene ya milimita mbili, rula ya chuma, kisu cha kubadilisha nyembe, msasa na chupa ya gundi ya mbao. Ninachojenga ni Salts Mill, kiwanda cha sufu cha enzi za Malkia Victoria kilichoko Saltaire, kituo kisicho mbali kwa treni kutoka hapa Bradford ninapoishi. Skeli ni 1:200.

Hesabu kwanza, maana nikikosea leo nitakosea hadi mwisho. Uso wa kusini wa jengo una futi 545, yaani kama mita 166. Mezani hiyo ni sentimita 83. Kimo ni futi 72 kwa ghorofa sita, sawa na sentimita 11. Dohani ina futi 250, kwa hiyo sentimita 38. Mtu mzima atakuwa na milimita nane na nusu: punje ya mchele wa basmati iliyosimama wima.

Mama kanipigia nikiwa nachora mistari. Baada ya shikamoo na marahaba na umekula nini, akauliza ile kelele ya kukwaruza ni ya nini. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Yaani umekwenda Ulaya kujenga nyumba ya watu kwa maboksi?"

Ndiyo, mama. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo Dar es Salaam. Kelele za mashine zilimzoesha: hata nyumbani alikuwa akiongea nasi kwa mikono na kutusoma midomo, hata redio ikiwa imezimwa. Mara ya kwanza nilipoingia Salts Mill, wenyeji wakitazama picha ukutani, mimi nilikuwa natazama nguzo na kuwaza mashine zilisimama wapi. Nadhani mradi ulianza siku ile.

Jumapili, 19 Januari

Nimekwenda kupima kwa macho. Kituo cha Saltaire kiko ubavuni mwa kiwanda kabisa; ukishuka tu ukuta huo hapo. Kituo chenyewe kilifungwa 1965 na kufunguliwa tena 1984, miaka miwili kabla kiwanda hakijazima mashine zake. Wenye treni walirudi wakati wenye sufu wanajiandaa kuondoka.

Ukisimama kwenye daraja unaelewa kwa nini Titus Salt, mwanzilishi wa kiwanda, alipachagua. Mto Aire upo kaskazini, mfereji wa Leeds hadi Liverpool unapita katikati, reli iko kusini. Sufu na makaa ya mawe vinaingia kwa tishari au kwa behewa, kitambaa kinatoka kwa njia hizohizo. Jina la mji ni jina lake limeungwa na la mto: Salt na Aire.

Kabla ya hapo Salt alikuwa na viwanda kadhaa vilivyotawanyika Bradford mjini. Alikuwa meya 1848 hadi 1849, na mwaka huo wa 1849 kipindupindu kiliwapitia watu wa Bradford na kuua mamia. Mji ulikuwa umefura kwa viwanda kuliko mitaro yake ilivyoweza kubeba, na moshi ulikuwa haupandi, unakaa. Utajiri wake ulianzia kwenye marobota ya manyoya ya alpaka, mnyama wa Peru wa ukoo wa ngamia, aliyoyakuta Liverpool mwaka 1836 yakiwa hayana mnunuzi. Wengine walishindwa kuyasokota. Yeye akakaa nayo hadi yakakubali, akayachanganya na nyuzi za pamba, kikatoka kitambaa chepesi chenye kung'aa ambacho wanawake wa Uingereza walikigombea. Aliyetaka viwanda vyake vyote chini ya paa moja, nje ya mji, hakuwa mtu wa kubahatisha.

Wasanifu walikuwa Lockwood na Mawson wa Bradford, mhandisi William Fairbairn. Kilifunguliwa 20 Septemba 1853, siku Salt alipotimiza miaka 50.

Nimerudi na picha 140 kwenye simu, na vidole vimeganda.

Jumamosi, 8 Februari

Wiki tatu zimepotea. Nilidhani nitakuwa mjanja: badala ya kukata madirisha kwa mkono, nikapeleka mchoro kwenye duka moja linalokata kwa mashine ya leza. Wakanipigia kuja kuchukua. Kazi safi, kingo zimenyooka, harufu ya kadibodi iliyoungua inapendeza kama ya mkate. Nikaipeleka nyumbani, nikaiweka mezani, ikaishia sentimita 75. Mtu alikuwa ameubana mchoro wangu uenee kwenye kipande cha kadibodi walichokuwa nacho. Hawakurudisha hela, wakasema mchoro ulikuwa wangu.

Basi nakata kwa mkono. Dirisha moja lina mikato minne na kona nne, na kona ndiyo inayokuaibisha: ukikatisha mapema karatasi inachanika, ukipitiliza unaacha kovu. Nimejifunza kukata mistari yote ya wima ya safu nzima kwanza, halafu ya ulalo, halafu kusukuma vipande kwa ncha ya kijiti cha meno. Ghorofa moja kwa jioni moja. Nimejaribu kuyahesabu madirisha ya upande wa kusini nikapoteza hesabu mara tatu, na mara ya tatu nikaamua kwamba mkono utayahesabu wenyewe.

Kazi ya kurudiarudia inakupa nafasi ya kuwaza. Madirisha ni mengi hivi kwa sababu kazi ilihitaji mwanga wa jua, na mwanga unaingia pande mbili. Ndani hakuna kuta za kugawa. Sakafu zimebebwa na nguzo za chuma cha kusubu na matao ya matofali, mbao zikiepukwa kwa hofu ya moto, kwa kuwa vumbi la nyuzi na mafuta ya mashine vinawaka upesi. Kwa hiyo kila ghorofa ni uwanja mmoja mrefu: nguzo, nguzo, nguzo, mpaka macho yachoke. Fairbairn aliupangia uwanja huo mashine za kusokota. Hakuna sehemu yake hata moja iliyomlazimisha anayefuata asokote.

Hili nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza.

Jumatano, 26 Februari

Ganda limesimama! Kuta nne za jengo kuu, bila paa. Nyuma yake nimeanza ghala linaloelekea kaskazini hadi mfereji, hivyo ukitazama kutoka juu unaona herufi T. Pembeni mwa mguu wa T kuna mabanda mawili mapana ya ghorofa moja: upande mmoja la kuchania sufu, upande wa pili la kufumia.

Banda la kufumia lilikusudiwa mashine 1,200. Uwezo wa kiwanda ulitajwa kuwa yadi 30,000 za kitambaa kwa siku. Nimeigeuza: zaidi ya kilomita 27. Ukianza kukitandaza Posta asubuhi, jioni umekaribia Kibamba, na kesho unaanza upya.

Jambo lililonifurahisha ni mihimili. Mahali pengine mhimili wa kuzungushia mashine ulipita darini na mikanda ikashuka juu ya vichwa vya watu, ikipiga kelele, ikimwaga vumbi na mafuta, na mara mojamoja ikinyakua nywele. Hapa sehemu kubwa ya mihimili ilizikwa chini ya sakafu. Chini huko pia kulikuwa na tangi la maji ya mvua yaliyokingwa kutoka mapaa, galoni 500,000, ya kuoshea sufu, maana maji laini ya mvua yanatoa povu kuliko ya kisima. Kila mtu aliyelelewa na pipa chini ya mfereji wa bati analijua hilo bila kuwa mhandisi.

Banda la kuchania ndilo lililofanyiwa sherehe ya ufunguzi kabla ya kazi kuanza. Watu 3,500 walikaa mezani, wengi wao wafanyakazi wa Salt. Orodha ya chakula imehifadhiwa: mapaja 120 ya kondoo, puddingi 320 za zabibu, nusu tani ya viazi, na bata na kuku na pai za njiwa juu yake. Nimewahi kuona shughuli kubwa za harusi Magomeni lakini hapa navua kofia. Nimekata meza za kadibodi zenye upana wa milimita tano ili niweke karamu ndani ya banda. Kisha nikazitoa. Zitakaa kwenye trei. Wazo la trei nitalieleza nikishalielewa mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Ramadhani. Mchana mkono unatetemeka, kwa hiyo nafanya kazi baada ya futari, kama saa mbili usiku hadi saa nne, na kwa saa mbili hizo sikati kitu chembamba.

Nilikuwa natengeneza kijiji, angalau mistari miwili ya kwanza ya nyumba upande wa kusini wa reli. Salt alijenga nyumba zaidi ya 800 pamoja na kanisa, shule, hospitali, nyumba za wazee, bafu na mahali pa kufulia, na ukumbi wa kusomea. Mitaa ameipa majina ya watoto wake, Caroline ni mkewe, na miwili mikubwa ina majina ya Malkia Victoria na mumewe Albert. Baa hakuruhusu. (Siku hizi ipo moja, na jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Usimwambie Titus.)

Wageni wengi huondoka Saltaire wakimsifu mzee huyu, na kweli ukilinganisha na mabwana wenzake nyumba zake zilikuwa na maji na choo cha uani. Alipofariki Desemba 1876 inakadiriwa watu 100,000 walijipanga njiani kuutazama msafara wa mazishi. Lakini mimi nimekulia nyumba ya mfanyakazi wa kiwanda, nikisikia sifa za tajiri huwa nauliza upande wa pili. Aliyekupa kazi ndiye mwenye nyumba yako, na mwenye shule ya mwanao. Ukigombana naye asubuhi, usiku unalala wapi? Na watoto walikuwemo kazini: sheria ya 1844 iliruhusu wa kuanzia miaka 8 wafanye nusu siku kiwandani na nusu siku darasani. Punje za nusu mchele, hizo nimezikata pia.

Halafu kimeta. Nilikuwa nasoma kuhusu ugonjwa wa wachambuaji wa sufu wa Bradford, watu waliofungua marobota ya alpaka na ya manyoya ya mbuzi kutoka Uturuki, wakachambua kwa mkono daraja kwa daraja, wakavuta vumbi. Mtu alikwenda kazini mzima, akarudi na homa na kifua kubana, akafa ndani ya siku chache. Kufikia 1880 daktari wa Bradford, John Henry Bell, alikuwa ameonyesha kwamba ni kimeta, kilekile kinachoua ng'ombe na kinachotangazwa kwetu kila mara mifugo inapokufa porini na watu kula mizoga. Hapa kilisafiri kwenye manyoya, kikavuka bahari ndani ya robota. Mwaka 1905 Bradford ikaunda bodi ya kukichunguza na kumwajiri Dk. Eurich, aliyeshinda miaka na vimelea hivyo maabara.

Nimeongeza chumba cha kuchambulia kwenye trei ya kwanza. Hakina rangi ya kupendeza, nimeipaka kijivu.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekwama kwenye rangi, na kukwama huku ndiko kulikonifanya nilielewe wazo la trei.

Jiwe la Saltaire ni la mchanga, likiwa safi lina rangi ya asali ya nyuki wadogo. Hivyo ndivyo lilivyo leo. Lakini picha za katikati ya karne ya 20 zinaonyesha jengo jeusi tii, masizi yameingia hadi kwenye vinyweleo vya jiwe. Dohani nayo: picha za zamani zinaonyesha kichwa chenye nakshi kama mnara wa kanisa la Kiitaliano, na ya leo ni kama imenyolewa. Sasa nipake asali au nipake masizi? Nikiweka nakshi ni lazima pia niweke moshi. Nikiweka mkahawa ulioko ndani siku hizi ni lazima niondoe nakshi.

Nilipaka nusu nyeusi, nikafuta kwa spiriti, ikatoka rangi ya chai ya maziwa yenye madoa. Nikaitazama kwa muda. Imekaa hivyohivyo, na naipenda kuliko zote mbili.

Ndani ndipo nilipopata jibu. Ganda moja, na sakafu zinazochomoka kama droo: trei nne, kila moja na wakati wake. Ukitaka 1853 unachomeka ya kwanza. Ganda haliguswi.

Trei ya pili ni ya kuporomoka na kuinuka. Salt akiwa kaburini, mitindo iligeuka, na Marekani mwaka 1890 ikapandisha ushuru wa bidhaa za nje, pigo kwa kila aliyekuwa akiuza kitambaa huko. Mwaka 1892 kampuni ikafilisika. Wafanyabiashara wanne wa Bradford wakainunua, mmoja wao James Roberts, ambaye hatimaye ndiye aliyebaki peke yake usukani na kuirudisha kwenye faida. Bustani ya ng'ambo ya mto ina jina lake. Aliuza 1918, kisha wamiliki wakapokezana, 1933 nyumba za kijiji zikauzwa, na 1958 kiwanda kikaingia mikononi mwa kampuni ya Illingworth Morris. Trei hii nimeijaza mashine tu, safu kwa safu, vipande vya kijiti cha kiberiti vilivyopakwa kijani. Miaka mia na ushee ni mashine.

Jumamosi, 10 Mei

Trei ya tatu ilikuwa rahisi kuliko zote: tupu. Kiwanda kilifungwa Februari 1986. Nimeacha mashimo ya boliti sakafuni, nimeyachoma kwa sindano ya moto, na madoa ya mafuta nimeyaweka kwa ncha ya brashi. Nilitumia jioni moja tu na imenikaa moyoni kuliko ile ya karamu.

Ya nne imenichukua wiki mbili. Mwaka 1987 jengo lilinunuliwa na Jonathan Silver, kijana wa Bradford aliyekuwa ametengeneza fedha kwenye maduka ya nguo za kiume. Mwaka huohuo akafungua ghorofa ya chini ukumbi wa picha alioupa jina la 1853, akautundikia kazi za rafiki yake David Hockney, mchoraji aliyezaliwa mjini hapahapa. Badala ya kuuita makumbusho na kuweka kamba, aliweka vitabu, maua, vyungu vikubwa na muziki, ukanunua kadi ukitaka, usiponunua hakuna aliyekufukuza.

Novemba 1989 Hockney, akiwa Los Angeles, alituma picha ya mchezo wa tenisi kwa faksi. Kurasa 144. Hapa Saltaire watu walisimama wakitazama mashine inatema karatasi mojamoja, nazo zikibandikwa ukutani hadi picha ikakamilika. Nimekata kijiukuta chenye miraba 144, kila mraba kama chembe ya chumvi, na hii ndiyo sehemu ya mradi mzima niliyoifanya huku nacheka.

Silver alijua kwamba picha peke yake hazilipi bili za paa la ukubwa huu. Akaingiza wapangaji. Mkubwa wao alikuwa Pace, kampuni ya kutengeneza ving'amuzi vya televisheni. Ndiyo, ving'amuzi, haya madude tunayoyapiga makofi mvua ikinyesha. Pale waliposimama wasokotaji, wakakaa watu wenye bisibisi ndogo na saketi. Uwanja wa Fairbairn haukulalamika. Hata kiwanda kipya cha 1868, kilichoko ng'ambo ya mfereji na chenye dohani iliyoiga mnara wa kanisa la Frari la Venice, baadaye kiligeuzwa kuwa makazi na ofisi za huduma ya afya.

Silver alifariki 1997, akiwa na miaka 47 tu. Familia imeendelea. Mwaka 2001 Saltaire ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Na 2022, kule juu chini ya paa ambako zamani mashine za kusokota zilijipanga, Hockney alionyesha picha moja ndefu ya misimu ya mwaka huko Normandie, Ufaransa: mita 90 na kitu. Nilikwenda. Unatembea, majira yanabadilika ubavuni mwako, sakafu inalia chini ya viatu. Kwenye modeli ni utepe wa sentimita 45, nimeupaka kwa rangi ya maji, kijani kikakosea na kuwa bluu. Ubaki.

Jumapili, 1 Juni

Jirani yangu wa chini kaja kuona. Namwita Chacha, kama wanavyomwita watoto wa mtaa. Kwao Mirpur, Kashmir ya upande wa Pakistan, neno hilo ni baba mdogo, si jina la Kikurya. Alifika Bradford kijana, enzi ambazo Bwawa la Mangla liliwamezea vijiji vyao na viwanda vya hapa vilikuwa vinatafuta watu wa shifti ya usiku. Hakufanya kazi Saltaire. Alikuwa kwenye kiwanda kingine cha mjini, ambacho sasa ni maegesho ya magari.

Nikamletea kiti. Nikachomeka trei ya kwanza, akatikisa kichwa kwa adabu. Ya nne, akauliza bei ya chai ya mkahawa. Ya tatu akaipitisha kidole juu ya mashimo ya boliti bila kusema kitu. Nilipochomeka ya pili, ile ya vijiti vya kijani, akavaa miwani, akainama hadi pua ikakaribia dirisha, akaanza kuhesabu nafasi kati ya mashine na mashine. Akasema ni finyu, mtu hapiti na kikapu cha mabobini ya uzi. Akaonyesha kwa mikono upana wa kweli, halafu mikono ikaendelea yenyewe: hii maana yake uzi umekatika, hii msimamizi anakuja, hii njoo tukavute sigara. Ya uzi kukatika ilikuwa ileile ya baba.

Akainuka, akavua miwani.

"Vyoo viko wapi?"

Nikamuuliza vyoo vya nini.

"Usiku mzima pale ndipo mahali pekee unapoweza kukaa," akasema. "Umejenga kiwanda kizima hujaweka vyoo?"

Nikakata kipande cha kadibodi cha sentimita mbili kwa moja na nusu, nikakibandika kwenye pembe ya ngazi, upande wa magharibi, trei ya pili. Chacha akasema mlango ufunguke kwa nje. Nikaukata upya. Mashine za safu ya mwisho nimezing'oa zote niongeze njia, na gundi ikaisha.

Zilizobaki: meno ya msumeno ya paa la banda la kufumia, dohani bado imelala kwenye boksi la viatu, na vijiti vya kiberiti pakiti mbili.